Wilhelm Röntgen: Aliyeiona dosari ndani ya chuma bila kukikata

Katika kisiwa cha Chovae, kusini mwa Kismayo, kama ilivyo katika Koyama, Chula na visiwa vingine vya Wabajuni, mashua hainunuliwi kwa kutazamwa tu. Mnunuzi mwenye busara huizunguka ikiwa imepandishwa ufukweni, akagonga ubao mmoja baada ya mwingine kuanzia karibu na mkuku, na akasikiliza. Ubao mzima hujibu kwa mlio mkavu na mkali. Ubao uliooza ndani, au uliotobolewa na wadudu wa baharini, hujibu kwa sauti nzito iliyofifia. Ndiyo elimu ile ile ya mama anayegonga chungu sokoni kabla ya kukilipia, na ya mchuuzi anayeitikisa nazi karibu na sikio.

Elimu hiyo ina ukomo wake. Sikio hueleza kwamba kuna ila; halielezi iko mahali gani hasa, ina ukubwa gani, wala kama itastahimili msimu mmoja zaidi wa kusi. Na kuupasua ubao ili kuutazama ndani ni kuuharibu ubao wenyewe. Fumbo hilo halikuwa la mafundi wa vyombo peke yao. Katika karne ya 19, dunia ilipoanza kuyategemea maisha ya watu kwa matangi ya mvuke, madaraja ya chuma na magurudumu ya treni, kila mhandisi alikumbana nalo. Mwezi Aprili mwaka 1865 matangi ya mvuke ya meli Sultana yalipasuka katika mto Mississippi nchini Marekani, na watu zaidi ya 1,000 wakapoteza maisha.

Mtu aliyefungua njia ya kuona ndani ya kitu bila kukipasua alikuwa mwanafizikia wa Kijerumani, Wilhelm Conrad Röntgen. Dunia inamkumbuka kwa picha ya mkono wa mkewe, na hospitali zote zinamdai shukrani. Lakini wakaguzi wa vyuma, meli, mabomba na majengo wana sababu ya kumkumbuka kwa picha nyingine isiyojulikana sana: ile ya bunduki yake ya kuwindia.

Kijana aliyefukuzwa shule

Röntgen alizaliwa tarehe 27 Machi 1845 katika mji mdogo wa Lennep, ambao leo ni sehemu ya jiji la Remscheid, magharibi mwa Ujerumani. Alikuwa mtoto wa pekee. Baba yake alitengeneza na kuuza vitambaa; mama yake alitoka katika familia yenye makazi Amsterdam. Mtoto alipofikisha umri wa miaka mitatu, familia ilihamia Apeldoorn nchini Uholanzi, na huko ndiko alikokulia. Hakuonesha dalili za kipaji cha ajabu. Alipenda kutembea porini na kutengeneza vifaa kwa mikono yake, tabia ambayo hakuiacha hata alipokuwa profesa mwenye sifa.

Katika shule ya ufundi mjini Utrecht lilimpata jambo lililotishia kuyafunga maisha yake kabla hayajaanza. Mwanafunzi mmoja alimchora mwalimu kwa dhihaka, na mwalimu akamkuta Röntgen akiuangalia mchoro huo. Alitakiwa amtaje aliyeuchora. Alikataa, na kwa kukataa huko akafukuzwa. Aliondoka bila cheti cha kuhitimu sekondari, na katika Ulaya ya wakati huo mtu asiye na cheti hicho milango ya vyuo vikuu ilikuwa imemfungia.

Njia ilipatikana Uswisi. Chuo cha ufundi cha Zurich kilikuwa kikiwapokea waliofaulu mtihani wake wa kujiunga hata kama hawakuwa na cheti, na mwaka 1865 Röntgen akaingia huko kusomea uhandisi wa mitambo. Alihitimu mwaka 1868, na mwaka uliofuata akapata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Zurich. Mara nyingi husahauliwa kwamba mgunduzi wa eksirei alianza kama mhandisi wa mashine, si kama tabibu. Nguvu ya chuma, msuguano wa vyuma na mwendo wa mvuke ndivyo alivyosomea kwanza.

Mjini Zurich alikutana pia na watu wawili waliomgeuza. Wa kwanza alikuwa Anna Bertha Ludwig, binti wa mwenye mkahawa uliopendwa na wanafunzi. Walioana mwaka 1872. Wa pili alikuwa August Kundt, profesa kijana wa fizikia aliyemshauri auache uhandisi na kufuata majaribio ya maabara. Kundt alikuwa mtu wa sauti. Mwaka 1866 alibuni mrija wa kioo wenye unga mwepesi ndani yake. Fimbo ya chuma ikisuguliwa, unga ule hujipanga katika vifungu, na kwa kupima vifungu hivyo mtu hujua sauti inakimbia kwa kasi gani ndani ya chuma kile. Habari za Kundt na mrija wake zitarejea baadaye katika simulizi hii, kwa sababu wakaguzi wa leo wanaitumia sauti kama wanavyoitumia miale.

Kundt alipohamia Würzburg mwaka 1870, Röntgen alimfuata kama msaidizi. Chuo kikuu cha huko kilimnyima nafasi ya kuwa mhadhiri, kwa kisa kile kile cha cheti. Wote wawili wakahamia Strasbourg, ambako hakuna aliyejali cheti. Kutoka hapo Röntgen alipanda ngazi polepole: Hohenheim mwaka 1875, Strasbourg tena, kisha Giessen mwaka 1879. Na mwaka 1888 Chuo Kikuu cha Würzburg, kilichomfungia mlango miaka 18 kabla, kilimwita awe profesa na mkuu wa taasisi yake ya fizikia. Mwaka 1894 kilimchagua kuwa mkuu wa chuo kizima.

Yeye na Bertha hawakujaaliwa mtoto, wakamlea binti wa ndugu wa Bertha kama wao. Nyumba yao ilikuwa ghorofani, juu ya maabara. Maisha yao yalikuwa ya utaratibu na ukimya, na majira ya joto walikwenda milimani Uswisi. Röntgen alipenda kuwinda.

Ijumaa ya tarehe 8 Novemba

Mwaka 1895 ulikuwa wa mabadiliko pia kwenye pwani ya Waswahili. Tarehe 1 Julai serikali ya Uingereza ilitangaza himaya yake ya Afrika Mashariki, na Kismayo na nchi ya Juba zikaingizwa humo. Katika mwaka huo huo Röntgen, akiwa na umri wa miaka 50, alianza kuchunguza jambo lililowashughulisha wanafizikia wengi wa Ulaya: nini hutokea umeme wenye nguvu kubwa unapopitishwa katika mrija wa kioo ulionyonywa hewa karibu yote.

Jioni ya Ijumaa, tarehe 8 Novemba, alikuwa ameufunika mrija wake kwa kadibodi nyeusi isiyopitisha mwanga. Chumba kilikuwa na giza. Alipoufungulia umeme, kipande cha karatasi kilichopakwa kemikali iitwayo bariamu platinosianidi, kilichokuwa mbali kidogo juu ya meza, kikaanza kung’aa. Mwanga wa kawaida haukuweza kutoka kwenye mrija uliofunikwa. Kitu kingine kilikuwa kinapita.

Mtu mwingine huenda angekimbilia kutangaza. Röntgen alinyamaza kwa wiki saba. Alikula na wakati mwingine kulala maabara, na hakumweleza mtu alichokuwa akikifanya. Aliweka kitabu cha kurasa 1,000 kati ya mrija na karatasi, miale ikapita. Aliweka mbao, ikapita. Alumini iliipunguza nguvu, lakini milimita moja na nusu tu ya madini ya risasi ikaizuia karibu yote. Kwa kuwa hakuijua asili yake, aliiita kwa herufi ambayo wanahesabu huitumia kwa kitu kisichojulikana, nayo ni eksi. Tarehe 22 Desemba alimwita Bertha, akauweka mkono wake juu ya bamba la picha kwa muda wa kama robo saa. Mifupa ilionekana, na pete ikining’inia kwenye kidole kisicho na nyama. Inasimuliwa kwamba Bertha alishtuka, kana kwamba ameoneshwa kifo chake.

Tarehe 28 Desemba Röntgen aliwasilisha taarifa fupi kwa Jumuiya ya Fizikia na Tiba ya Würzburg, na siku ya mwaka mpya akawatumia wenzake nakala pamoja na picha. Mmoja wao alikuwa Franz Exner wa Vienna, rafiki yake wa tangu ujana. Kupitia kwake habari ziliwafikia wahariri, na tarehe 5 Januari 1896 gazeti moja la Vienna likaichapisha. Baada ya wiki chache hapakuwa na mji mkubwa wa Ulaya au Marekani ambao haukuwa ukizungumzia mkono ule.

Habari ziliigusa hata Pembe ya Afrika, kwa njia ya huzuni. Mwezi Machi mwaka huo jeshi la Italia lilishindwa na Waethiopia katika vita vya Adwa. Mwezi Mei, katika hospitali ya jeshi mjini Naples, daktari Giuseppe Alvaro alitumia miale ya Röntgen kutafuta risasi ndani ya mikono ya askari wawili waliorudi kutoka vita hivyo vya Ethiopia. Hiyo hutajwa kuwa mara ya kwanza kwa eksirei kutumika kwa majeruhi wa vita.

Picha ya bunduki

Taarifa ya kwanza ya Röntgen ilikuwa na jambo ambalo magazeti hayakulipa uzito. Miongoni mwa vitu alivyovipiga picha alitaja seti ya vipimo vya mizani ndani ya kisanduku kilichofungwa, dira, na kipande cha metali ambacho miale ilikionesha kuwa hakikulingana kotekote ndani yake. Sentensi hiyo moja inatosha kuitwa mwanzo wa fani ambayo leo wahandisi wanaiita upimaji usioharibu. Metali ile kwa nje ilikuwa metali tu. Miale ndiyo iliyobaini kwamba ndani palikuwa na tofauti.

Katika mwaka 1896 alilifuatilia jambo hilo kwa kitu alichokipenda. Alichukua bunduki yake ya mitutu miwili, ikiwa na risasi zake ndani, akaipiga picha kwa miale. Katika picha ilionekana kila sehemu ya risasi, na yalionekana pia mapungufu yaliyojificha ndani ya chuma cha mitutu. Mitutu ya bunduki za aina hiyo ilitengenezwa kwa kusokota na kufua pamoja mikanda ya chuma, kwa ufundi unaoitwa wa Dameski, na mahali ambapo mikanda haikushikana sawasawa ndipo mtutu huweza kupasuka siku moja usoni mwa mpigaji. Röntgen aliandika maelezo kwa mkono wake kwenye picha, akiashiria dosari hizo, na nakala ikamfikia Exner mjini Vienna. Katika taarifa yake ya tatu kuhusu miale hiyo, ya mwaka 1897, aliitaja bunduki hiyo waziwazi.

Ni rahisi kuliona tukio hilo kama mchezo wa mwindaji. Ukweli ni kwamba mhandisi wa Zurich alikuwa amerudi kazini. Kabla ya hapo, aliyetaka kujua kama chuma kina ufa ndani alikuwa na njia mbili: kukikata, na hapo chuma hakifai tena; au kukitumia mpaka kivunjike, na hapo aliyekitumia huenda asiwepo kusimulia. Katika reli za zama hizo walikuwepo wafanyakazi wenye nyundo za mpini mrefu waliogonga magurudumu ya mabehewa kituo baada ya kituo, wakisikiliza mlio, sawa kabisa na mnunuzi wa mashua huko Chovae. Mwaka huo wa 1896 ndipo reli ya Uganda ilipoanza kujengwa kutoka Mombasa. Picha ya bunduki iliwaambia wote hao kwamba kuna njia ya tatu.

Aliyekataa kuuza

Heshima zilimiminika, na Röntgen alizipokea kwa shingo upande. Tarehe 13 Januari 1896 alimwonesha Mfalme Wilhelm wa Pili miale hiyo mjini Berlin. Tarehe 23 Januari alitoa mhadhara mmoja wa hadhara mjini Würzburg, akaupiga picha mkono wa mwanaanatomia mzee Albert von Kölliker, aliyependekeza papo hapo miale hiyo ipewe jina la mgunduzi. Wajerumani wanaiita hivyo hadi leo. Yeye mwenyewe aliendelea kuiita eksi. Serikali ya Bavaria ilimtunuku nishani iliyoambatana na haki ya kuongeza neno la ukabaila katika jina lake. Nishani aliichukua, ukabaila akauacha.

Uamuzi wake mzito zaidi ulihusu fedha. Viwanda vya umeme vya Ujerumani vilitambua haraka thamani ya ugunduzi huo, na kampuni ya AEG ya Berlin ikamwendea kwa mazungumzo. Röntgen hakuomba hataza. Alishikilia kwamba ugunduzi wa profesa ni mali ya watu wote na haustahili kufungiwa na leseni wala mkataba wa kampuni moja. Hilo si jambo dogo. Fundi yeyote wa vioo na umeme, popote alipokuwa, aliweza kutengeneza mrija wake bila kumlipa mtu, na ndiyo maana mashine zilienea katika miezi badala ya miaka.

Mwaka 1900 alihamia Chuo Kikuu cha Munich kwa ombi la serikali ya Bavaria. Tarehe 10 Desemba 1901 alipokea Tuzo ya Nobel ya Fizikia, ya kwanza kabisa kutolewa, mjini Stockholm. Siku kumi baadaye reli ya Uganda ilifika ziwa Victoria. Röntgen hakutoa mhadhara wa tuzo, na fedha zake, zilizotolewa kwa kroni za Sweden, alizielekeza kwa Chuo Kikuu cha Würzburg zitumike kwa utafiti.

Haikuwa sifa tupu. Mwanafizikia Philipp Lenard, ambaye mirija yake Röntgen aliitumia katika majaribio ya mwanzo, aliamini kwamba amenyang’anywa ugunduzi, na aliibeba chuki hiyo maisha yake yote. Röntgen hakujibizana naye hadharani.

Faida na gharama ya miale

Miale ile ile iliyoonesha ufa ilikuwa inaua, na hilo lilijulikana kwa kuchelewa. Clarence Dally, msaidizi wa Thomas Edison, aliyekuwa akiiweka mikono yake mbele ya mirija siku baada ya siku, alikatwa mikono kwa saratani na akafariki mwaka 1904. Röntgen alinusurika kwa sehemu kubwa kwa sababu alifanya majaribio mengi akiwa ndani ya kisanduku kikubwa cha zinki chenye kinga ya risasi, alichokitengeneza kwa nia ya kuzikinga picha zake zisiharibike. Leo mkaguzi wa viwandani anayetumia mionzi huvaa kipimo kifuani, huweka uzio na ishara, na hufanya kazi kwa leseni ya mamlaka. Nchini Tanzania jukumu hilo ni la Tume ya Nguvu za Atomu, na nchini Kenya ni la Mamlaka ya Udhibiti wa Nyuklia.

Matumizi kwa vyuma yalichukua muda kukua kuliko yale ya hospitali, kwa kuwa mirija ya mwanzo haikuwa na nguvu ya kupenya chuma kinene. Mwaka 1922 ndipo Horace Lester, katika karakana ya silaha za jeshi la Marekani huko Watertown, alipoanza kupiga picha vyuma vya kusubu kwa mashine yenye nguvu ya kutosha, akitafuta mapovu na mianya iliyobaki wakati chuma kilipopoa. Baadaye ilikuja mionzi ya gama kutoka madini kama iridiamu na kobalti, inayobebwa katika chombo kidogo hadi juu ya bomba au chini ya daraja, mahali ambapo mashine ya umeme haifiki.

Miale nayo ina upofu wake. Huona vizuri tundu na povu, lakini ufa mwembamba uliolala kinyume na njia ya mwale huweza kupita bila kuonekana. Hapo ndipo sauti ya Kundt inaporudi. Mwaka 1928 mwanasayansi Sergei Sokolov wa Leningrad alipendekeza kupitisha ndani ya metali mawimbi ya sauti ya juu mno kiasi kwamba sikio la binadamu haliyasikii, ili kuzitafuta dosari. Wimbi likikutana na ufa hurudi mapema. Kwa kuijua kasi ya sauti ndani ya chuma, mkaguzi hujua ufa uko kina gani. Kwa maneno mengine, ni kugonga na kusikiliza, kama ufukweni Chovae, isipokuwa nyundo na sikio sasa ni vya umeme na jibu linakuja kwa milimita.

Pwani ya Kismayo

Kwa watu wa visiwa vya Wabajuni jambo hili si la vitabuni. Wazee wao walisifika kwa kuunda mitepe, vyombo vilivyoshonwa kwa kamba za makumbi bila msumari hata mmoja, na tanga lake la mkeka. Katika mtepe mshono ndio uhai, na mshono uliolegea uliweza kuonekana na kukazwa tena. Chombo cha misumari ni tofauti: msumari huliwa na kutu ndani ya ubao, huku kichwa chake nje kikionekana kizima. Serikali kuu ya Somalia ilipoanguka mwaka 1991, Wabajuni wengi walipakia familia zao katika vyombo vya namna hiyo na kuelekea Kenya. Wengi hawakuwa na nafasi ya kuchagua chombo, seuze kukigonga.

Bandari ya Kismayo inatoa mfano mwingine. Gati lake lilijengwa miaka ya 1960 kwa msaada wa Marekani, likasimamishwa juu ya nguzo za zege lenye nyaya za chuma ndani. Haikupita miaka 20 kabla halijachakaa kiasi cha kuhitaji ukarabati mkubwa, uliofanywa katika miaka ya 1980, tena kwa msaada wa Marekani. Adui wa zege la baharini anafahamika. Chumvi hupenya polepole mpaka ikafika kwenye chuma; chuma huota kutu; kutu huhitaji nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, na zege hupasuka kutokea ndani. Linapoanza kumeguka machoni pa watu, ugonjwa umeshakuwa wa miaka. Vipimo vya sauti, vya umeme na vya nyundo maalumu ya kupimia ugumu wa zege vinaweza kuutambua mapema, mradi vipelekwe mara kwa mara na matokeo yake yasomwe na mtu mwenye mamlaka ya kufunga gati.

Sharti hilo la mwisho ndilo gumu. Tarehe 29 Machi 2013 jengo la ghorofa 16 liliporomoka katikati ya Dar es Salaam likiwa bado linajengwa, na watu 36 wakafariki. Mwezi Aprili 2016 jengo la makazi lilianguka Huruma, Nairobi, baada ya mvua kubwa, na kuua takriban watu 50. Lilikuwa limeshaamriwa libomolewe. Kifaa cha kuona ndani hakimsaidii mpangaji ikiwa kinachojulikana hakifuatwi.

Dalili nyingine ni njema zaidi. Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki, kupitia mpango wake wa ushirikiano wa Afrika uitwao AFRA, limekuwa likifundisha wakaguzi wa upimaji usioharibu katika nchi za bara hili. Nao mradi wa bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima nchini Uganda hadi Chongoleani, Tanga, wenye urefu wa kilomita 1,443, umeongeza haja ya wataalamu hao, kwa kuwa katika mabomba ya namna hiyo viungo vilivyochomelewa hupimwa kabla ya kufukiwa ardhini.

Miaka ya mwisho

Röntgen mwenyewe hakuishi kuyaona hayo. Vita vya Kwanza vya Dunia vilimnyong’onyeza. Bertha aliugua kwa miaka mingi, naye ndiye aliyemuuguza. Alifariki tarehe 31 Oktoba 1919. Mwaka uliofuata Röntgen alistaafu. Mfumuko wa bei uliokuja baada ya vita uliifuta thamani ya akiba za Wajerumani, na ya kwake pia, na zile kroni alizoliachia Chuo Kikuu cha Würzburg hazikusalimika. Mtu ambaye angeweza kuwa miongoni mwa matajiri wa Ulaya alimaliza siku zake kwa kubana matumizi, akienda kila alipoweza kwenye nyumba yake ya mashambani Weilheim, kusini mwa Munich, karibu na misitu aliyozoea kuwinda.

Alifariki mjini Munich tarehe 10 Februari 1923 kwa saratani ya utumbo, akiwa na umri wa miaka 77. Alizikwa Giessen, pamoja na wazazi wake na Bertha. Alikuwa ameagiza kwamba barua zake na daftari zake za maabara zichomwe moto, na agizo hilo lilitekelezwa. Ndiyo maana hakuna ajuaye kwa ukamilifu kilichopita akilini mwake katika zile wiki saba za mwaka 1895. Kilichosalia ni taarifa tatu alizochapisha, picha ya mkono wenye pete, na picha ya bunduki yenye mwandiko wake kandokando ya mitutu, ukionesha mahali ambapo chuma hakikushikana.